Chaja Kwenye Banda la Mjomba

Umoja, Nairobi
16 Februari 2025

Anti Nasike,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Brigid naye anakusalimu, na amesisitiza niandike kwamba bado anangoja ule unga wa wimbi uliomwahidi Krismasi. Sisi ni wazima. Mama nilimsikia juzi kwa simu kutoka Turbo. Anasema goti linamsumbua, lakini mdomo hausumbuliwi na chochote, alinisema nusu saa nzima. Wewe nakuandikia kwa kalamu kwa sababu masikio yako na simu vilishakosana, na ujumbe wa simu wewe mwenyewe ulisema ni maandishi ya sisimizi. Barua naiweka ndani ya kifurushi cha sabuni, uchukue pale ofisi ya magari ya Nairobi mjini.

Sasa jambo lenyewe. Unajua nimekuwa nikiendesha teksi ya umeme ya mtu. Tangu Januari ninayo yangu, naimalizia kulipa polepole. Hainywi petroli na haina kelele kabisa, mpaka abiria wengine huniuliza kama imezima katikati ya barabara. Shida ni pa kuichaji. Mwenye ploti hapa amekataa, anasema nitamchomea nyumba zake zote. Kwenye vituo vya mjini napanga foleni kama ya maji, na saa ninazokaa hapo ni saa ambazo sibebi mtu.

Tumeongea sana na Brigid, tukaona ni heri nirudi Eldoret. Kuna wagonjwa wa kupeleka hospitali, kuna watu wa uwanja wa ndege, na teksi za namna hii huko bado ni chache. Nililelewa kwako Kimumu tangu darasa la nne, nikisema nyumbani huwa namaanisha kwako. Naomba ruhusa nifunge chaja hapo, na sisi tuingie kile chumba cha nyuma ambacho mpangaji wako alihama. Chaja ni kisanduku cha ukutani tu, kinatoshana na redio ya marehemu Mjomba. Gharama yote ni yangu. Irungu, yule fundi wa stima niliyesoma naye, atapita kupima. Mpe chai tu, ataridhika.

Mwanao,
Phineas

*

Kimumu, Eldoret
11 Machi 2025

Phineas mwanangu,

Barua yako ilifika ikinuka sabuni. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Nashukuru Mungu mnaishi vizuri. Mwambie Brigid unga upo, aje auchukue kwa mikono yake, sitaupandisha gari peke yake. Hapa tunangoja mvua. Watu wa mashamba wameshalima na sasa wanaangalia juu kutwa nzima. Kanisani wamenitoa kwenye kwaya kwa heshima zote, kwa sababu nilikuwa naendelea kuimba wenzangu wakiwa wameshamaliza. Chepkirui wa hapa jirani bado ananiletea maziwa kila asubuhi, na kila asubuhi ananipigia kelele kama niko ng'ambo ya mto.

Irungu wako alikuja. Kijana ana adabu, chai alikunywa vikombe viwili. Alizunguka, akagongagonga ukuta, akasimama kwenye mlango wa banda la gari akaniambia, "Mama, hapa ni kazi ya asubuhi moja. Mita iko nyuma ya huu ukuta."

Nikamwambia hapana, aweke upande wa jikoni.

"Mama, huko ni kuchimba compound yote!"

Nikamwambia basi achimbe, ardhi ni yangu. Akanitazama, akaandika. Banda linavuja, Phineas. Hutaki stima mahali panapovuja.

Kuhusu kurudi, sijakataa. Chumba kipo. Ila wewe una haraka siku zote. Krismasi ulikuja, ukala kuku, ukalala kwenye kochi mdomo wazi, ukaenda. Hata bandani hukupita.

Anti yako,
Nasike

*

Umoja, Nairobi
30 Machi 2025

Anti,

Nafurahi kusikia u mzima, na pole kwa mambo ya kwaya. Mimi ningekuacha uimbe. Brigid amesema unga atakuja kuuchukua, na kwamba ameelewa ujanja wako. Mvua hapa imeanza, barabara zetu zimekuwa mabwawa, na kila abiria ananiuliza kama gari la umeme halitatupiga shoti majini. Nimechoka kujibu.

Irungu amenitumia hesabu na nimekaa nayo wiki nzima. Chaja yenyewe ni elfu tisini na tano, hiyo nimejipanga. Kuifunga bandani ni elfu ishirini na tano, waya, breka na chuma cha kuzamisha ardhini vyote ndani. Upande wa jikoni ni elfu mia moja na kumi, na hapo chaja bado hujanunua! Lazima mtaro utoke kwenye mita, uvunje saruji ya uani, uzunguke shimo la choo, na waya uwe mnene zaidi, maana ukiwa mrefu na mwembamba utapata moto. Anti, pesa hizo sina. Nikizikopa nitakuwa nafanyia kazi mtaro.

Kama ni kuvuja, mabati nitanunua mimi. Kinachobaki ni ile gari kuukuu bandani, ile Pijo. Imekaa pale tangu tumzike Mjomba Wasike, huu mwaka wa tatu. Matairi yamelala chini, na Krismasi nilimwona kuku akitoka dirishani kama kondakta. Kuna watu wa vyuma pale Munyaka wananunua kwa kilo. Ukitaka nitaongea nao, pesa zote zije kwako.

Naijua vizuri ile gari, usidhani nimesahau. Ndani yake ndimo nilijifunza kubadilisha gia, na Mjomba amekaa pembeni amefumba macho, eti anaomba. Lakini imekufa, Anti, na hata yeye mwenyewe angesema itolewe.

Wako,
Phineas

*

Kimumu, Eldoret
18 Mei 2025

Phineas,

Salamu. Nimechelewa kujibu. Mvua ilikuja kwa wingi, mahindi ya watu yameota vizuri, na mzee wa nyumba ya kona alifariki, hivyo tumekuwa na matanga. Maziwa yapo. Masikio ni yale yale.

Watu wa vyuma usiongee nao.

Bandani kuna kuku anaatamia, hawezi kusumbuliwa sasa. Tena ule ukuta haufai, naona una unyevu. Fungeni jikoni au mngoje. Kungoja hakujaua mtu, mimi nimengoja mambo mengi na ninaendelea.

Msalimie Brigid.

Nasike

*

Umoja, Nairobi
2 Juni 2025

Anti,

Natumai hujambo na kuku wako amemaliza kuatamia. Sisi tunaendelea. Brigid amepata mtu wa kununua viti vyake vya saluni, kwa hiyo yeye tayari ana mguu mmoja huko Eldoret. Mama anasema goti limepata nafuu.

Nisamehe nikiandika kwa ukali kidogo. Kwanza banda lilikuwa linavuja. Halafu ukuta una unyevu. Halafu kuku. Irungu anasema ukuta ni mkavu kama mfupa, na aliangalia juu hakuona hata tundu moja. Nimesoma barua zako zote tena, nikamsomea na Brigid, na tumefikia mahali pamoja, kwamba huenda hututaki na unaona haya kusema. Kama ni hivyo niambie tu. Nitaumia, siwezi kudanganya, nitaumia sana, maana sina mahali pengine ninapopaita nyumbani. Lakini nitajua.

Kama si hivyo, basi niruhusu nikusaidie, kwa sababu naona kuitoa Pijo ndiko kunakokulemea. Nimelipa watu wa kuvuta magari. Watakuja Jumamosi tarehe kumi na nne, waibebe polepole mpaka Turbo kwa Mama, ikae pale chini ya mti. Hakuna atakayeiuza. Wewe hutashika chochote, kaa ndani unywe chai. Jumatatu yake Irungu ataanza kazi.

Mwanao,
Phineas

*

Kimumu, Eldoret
16 Juni 2025

Phineas,

Mimi ni mzima. Chepkirui ni mzima. Tumeshinda Jumamosi yote tukiwa wazima langoni.

Watu wako walifika na lori lenye mnyororo, vijana wawili na mkubwa wao. Sikuwasikia wakibisha. Nilitokea tu nikakuta mmoja ameshafungua lango na anaelekea bandani, nikakimbia na mwiko wa ugali mkononi. Mimi, miaka sitini na nane, nikakimbia. Nikasimama mlangoni pa banda nikawaambia hakuna mkono utakaogusa ile gari.

Mkubwa wao akasema, "Mathe, sisi tumetumwa tu. Phineas ashalipa, niko na receipt."

Nikamwambia basi avute hiyo receipt yake aende nayo. Chepkirui akaingia na fimbo yake ya ng'ombe, akasimama kando yangu bila kuniuliza habari yenyewe ni gani. Akawapigia kelele kwa ile sauti anayonipigia mimi, wakarudi kwa lori lao. 

Nimekasirika. Lakini zaidi ya hasira nimeumia, kwa sababu umeniuliza kama sikutaki. Phineas! Mimi niliyekuosha masikio!

Kuna jambo hulijui, na mimi siruhusiwi kukwambia. Siruhusiwi, elewa hivyo. Mpigie mama yako. Muulize siku ya tatu baada ya kumzika mjomba wako watu walikaa uani wakifanya nini, na wewe ulikuwa wapi. Usiniandikie kabla hujamuuliza.

Nasike

*

Umoja, Nairobi
25 Juni 2025

Anti yangu,

Leo salamu ni fupi kwa sababu nimejaa.

Nilimpigia Mama nikiwa nimeegesha, nangoja abiria. Kwanza alicheka. Halafu nikamsikia analia. Nakuandikia kama alivyoniambia, ili ujue sasa najua.

"Wewe si mgeni kwa Wasike," akasema. "Wewe ni omwiwa wake, mtoto wa dada yake. Kwetu sisi, mtu akizikwa, siku ya tatu wazee wanakaa wanagawa vitu vyake. Koti hivi, jembe hivi. Lakini kile chake kikubwa, kile alichokipenda, lazima omwiwa akiguse kwanza kwa mkono wake. Asipokigusa, hakuna mwingine anaweza. Hata mjane hawezi."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulienda Nairobi asubuhi baada ya mazishi. Ulisema kazi. Wazee wakaiacha Pijo, wakasema atakuja."

Nikamuuliza mbona wewe, Anti, hukuniita. Miaka mitatu, barua moja tu ingetosha.

"Omwiwa haitwi, kijana. Nasike akikuita, ni kama anagawa mali ya mume wake kwa mdomo wake mwenyewe. Unakuja mwenyewe, kwa moyo wako, ama huji."

Na yeye Mama? Alidhani nilishapita kuigusa siku nyingi. Alidhani jambo kama hilo mtu anazaliwa akilijua. Sikulijua, Anti. Nilikulia mjini, nilidhani ukimzika mtu umemaliza. Krismasi zote tatu nilipita pale mlangoni nikienda kuosha mikono, na wewe ulikuwa jikoni unanitazama kupitia dirisha, sasa nakumbuka, ulikuwa unanitazama. Mimi nikadhani unahesabu kuku.

Halafu nikalipa wageni waje waiguse na mnyororo. Nikifikiria hivyo nashindwa kula. Abiria alipoingia alinikuta nimelala juu ya usukani, akauliza kama gari limeisha chaji. Nikamwambia ni mimi nimeisha.

Sijaitwa. Niandike wazi ili wazee wasije kukulaumu, hukuniita hata kidogo. Nakuja tu, Jumamosi ya kwanza ya Julai, na hii gari, nitaichajia njiani Nakuru. Usipike chochote. Hapana, pika.

Omwiwa wako,
Phineas

*

Kimumu, Eldoret
20 Julai 2025

Phineas mwanangu,

Ninawasalimu wewe na Brigid, na ninatumai mizigo mmeshaifunga. Mwambie asilete sufuria, sufuria ziko. Hapa baridi imeingia kabisa, asubuhi huoni lango kwa ukungu. Mahindi yanafika kifuani. Mama yako alikuja juzi na goti lake, akakaa siku mbili, akala akanisema, akaenda. Tumecheka kuliko miaka mingi. Anasema yeye naye ana makosa yake, kwamba hakuniuliza kama ulishapita bandani, huku mimi nikingoja akwambie yeye. Wanawake wawili wazima.

Irungu amemaliza. Alifanya kwa asubuhi moja kama alivyosema tangu Machi, na amefunga kwa ile bei ya kwanza, hivyo huna haja ya kukopa za mtaro. Kile kisanduku kiko ukutani na kina taa ndogo ya kijani. Nikizima za ndani usiku naiona kutoka kitandani kwangu. Kwa miaka mitatu upande ule ulikuwa giza, na nilikuwa nalala nimeupa mgongo.

Nataka nikwambie mambo ambayo hukuyaona siku ile ulipokuja, kwa kuwa ulikuwa umetazama Pijo tu. Ulipoingia bandani sikukufuata, nilibaki mlangoni na Chepkirui. Ulisimama mbele ya Pijo muda mrefu, mikono mfukoni, nikaogopa kwamba utageuka uondoke. Kisha ukautoa mkono wa kulia ukauweka juu ya boneti, pale penye vumbi jingi. Nikaona kichwa chako kikiinama na shavu likisogea, nikajua unasema kitu. Sikukisikia, na sitakuuliza kilikuwa nini. Hicho ni chako na yeye. Lakini Chepkirui, mwenye masikio mazuri, alikisikia, na alilia kabla yangu.

Mlipoisukuma nje na Irungu na wale vijana wa kwaya, kuku walitoka nyuma yake mmoja mmoja kwa mstari. Sasa wanatagia pale pale kitini, kando ya ua, juani. Pijo ni yako, sitakuuliza utaifanyia nini. Ukitaka kuwaita watu wa Munyaka waite, mimi mkono wako umeshanitosha. Usiku ule nililia peke yangu mpaka nikachoka. Nilimlilia Wasike kama siku ile ya kwanza, maana muda wote ule nilikuwa kama nimeshikilia mlango usifungwe. Asubuhi nikaamka na njaa, nikala viazi vyote vilivyobaki.

Doa la oili ya Pijo sakafuni nimemkataza Irungu asilisugue. Ukiegesha litaingia katikati ya magurudumu yako, halitakusumbua.

Kitu kingine. Uliniuliza kama siwataki. Kile chumba cha nyuma nilikipaka rangi Februari, kesho yake baada ya barua yako ya kwanza. Ni ile rangi ya maziwa anayoipenda Brigid. Nilikaa nacho hivyo miezi yote hiyo, nikifungua dirisha asubuhi na kulifunga jioni, halafu nakuandikia habari za ukuta wenye unyevu. Basi, sasa unajua.

Tokeni za stima nimenunua za kutosha kuanzia.

Jambo moja tu bado linanipa wasiwasi. Zamani mjomba wako akikaribia langoni na Pijo, vikombe vilikuwa vinatetemeka kabatini. Hata masikio yalipoanza kuniacha, nilikuwa nikiona vikombe vinacheza najua ni yeye, naweka maji ya chai jikoni. Lakini wewe siku ile ulikaa langoni ukipiga honi mpaka Chepkirui akaja kunishika mkono. Gari lako halitikisi kikombe, na mimi sisikii.

Kwa hiyo mkija msikae nje mkingoja mfunguliwe kama wageni. Lango nitaliacha wazi. Ingiza gari bandani, lichomeke, halafu uje jikoni uniguse bega.

Anti yako,
Nasike